Giza la Mwaka na Giza la Mwezi: Maoni kuhusu Halowini na Kumbukumbu ya Wafu katika Karagwe na Kyerwa

1.0 Utangulizi

Miaka michache iliyopita, mwishoni mwa mwezi wa Oktoba, nilikuwa likizo nyumbani kwetu Karagwe. Mjukuu wa dada yangu, mtoto wa darasa la tatu katika shule moja inayofundisha kwa Kiingereza, alirudi na karatasi kutoka kwa mwalimu wake. Karatasi hiyo iliwataka wazazi wawatafutie watoto vinyago vya uso na mavazi ya kutisha kwa ajili ya sherehe ya tarehe 31. Mtoto hakujua sherehe yenyewe ni ya nini. Alijua tu kwamba yeye amepangiwa kuwa mzimu. Alimwamkia bibi yake, kisha akamwuliza: "Bibi, mzimu huvaa nguo gani?" Dada yangu, ambaye ni Mkatoliki wa siku nyingi, alinyamaza kwa kitambo. Hatimaye alijibu: "Mzimu hauvai kitu, mjukuu wangu. Mzimu ni babu yako, na babu yako hakutisha watoto."

Baba wa mtoto, ambaye ni mlokole, alipoisoma karatasi aliikunja na kuitia mfukoni. Alisema kwamba hatatoa hata senti moja kwa sherehe ya mashetani. Kwa hiyo katika nyumba moja, na jioni moja, jambo lile lile lilikuwa mchezo kwa mwalimu, ushetani kwa baba, na suala la ukoo kwa bibi.

Makala hii inatokana na jioni hiyo. Hatukusudii kuipigia debe sikukuu ya wageni, wala kuilaani. Tunakusudia kuonyesha mambo matatu. Kwanza, kwamba Halowini (ndivyo tutakavyoiandika humu sikukuu ambayo Waingereza huiita Halloween) ni zao la giza la mwaka katika nchi za kaskazini, na kwamba giza hilo halipo Karagwe wala Kyerwa. Pili, kwamba Wanyambo walikuwa na giza lao wenyewe, yaani giza la mwezi, nao walilipatia taratibu zake. Tatu, kwamba mgogoro wa nyumba ile ulikuwa kwa kiasi kikubwa mgogoro wa msamiati, na kwa hiyo unatuhusu sisi tunaojishughulisha na Kiswahili kuliko tunavyodhani.

2.0 Asili ya Halowini

Jina la sikukuu hii ni ufupisho wa maneno ya Kiingereza yenye maana ya mkesha wa Watakatifu Wote. Papa Gregori wa Tatu, aliyeliongoza Kanisa tangu mwaka 731 hadi 741, aliweka wakfu kikanisa ndani ya Basilika la Mtakatifu Petro kwa heshima ya watakatifu wote. Mwaka 835, wakati wa Papa Gregori wa Nne, sikukuu ya tarehe 1 Novemba ilienezwa katika dola ya Wafaranki. Mnamo mwaka 998 hivi, Odilo, abate wa Cluny katika Ufaransa, aliagiza watawa wake waikumbuke tarehe 2 Novemba kuwa siku ya marehemu wote. Hivyo zikapatikana siku tatu zinazofuatana: mkesha, siku ya watakatifu, na siku ya marehemu.

Chini ya siku hizo kuna tabaka jingine. Katika Ireland na Uskoti kulikuwa na majira yaliyoitwa Samhain, yaani mwisho wa kiangazi cha kwao na mwanzo wa baridi. Ng'ombe walirudishwa kutoka malisho ya mbali, wengine wakachinjwa, na watu wakajifungia ndani kwa miezi ya dhiki. Hadithi za kale za Waayalandi husema kwamba wakati huo milango ya ulimwengu wa viumbe wasioonekana hubaki wazi. Hata hivyo yatupasa kuwa waangalifu. Mwanahistoria Ronald Hutton, katika kitabu chake cha mwaka 1996 juu ya kalenda ya mila za Uingereza, ameonyesha kwamba ushahidi wa kuwa Samhain ilikuwa sikukuu ya wafu kabla ya Ukristo ni haba, na kwamba sehemu kubwa ya fikra juu ya wafu katika siku hizo ililetwa na Kanisa lenyewe. Kwa hiyo wale wanaoilaani Halowini kuwa ni ibada ya kipagani ya miaka elfu mbili, na wale wanaojivunia upagani huo huo, wote wamejenga juu ya msingi mwembamba.

Katika Uingereza ya zama za kati na baadaye, maskini na watoto walipita mlango hadi mlango katika siku hizo wakipewa mikate midogo, nao kwa malipo waliwaombea wafu wa nyumba ile. Njaa kuu ya viazi iliyoanza mwaka 1845 iliwasukuma Waayalandi wengi kwenda Marekani, nao walikwenda na mila zao. Huko kwao walikuwa wakichonga taa kwa tanipu, mizizi inayofanana na figili kubwa. Marekani walikuta boga, ambalo ni kubwa na rahisi kuchongwa. Kuanzia miaka ya 1930, na zaidi baada ya Vita Kuu ya Pili, ilienea desturi ya watoto kudai peremende kwa kutishia mzaha. Kisha wakaja wenye viwanda vya sukari, wenye mavazi, na wenye sinema.

Tukiufuata mkondo huo tunaona badiliko moja kubwa. Sadaka iliyotolewa kwa ajili ya wafu imekuwa peremende za walio hai, na sala imekuwa kitisho. Kitu kilichofika katika shule ya mjukuu wetu kilikuwa ganda tu la jambo ambalo hapo awali lilikuwa na kiini.

3.0 Giza la Karagwe ni lipi?

Wilaya za Karagwe na Kyerwa, ambazo zilikuwa wilaya moja hadi Kyerwa ilipotengwa mwaka 2012, ziko kati ya nyuzi 1 na 2 hivi kusini mwa ikweta. Mahali kama hapo tofauti kati ya mchana mrefu na mchana mfupi kabisa wa mwaka haifikii hata robo saa. Katika mji wa Dublin, mchana wa mwisho wa Desemba haufikii saa nane. Mtu wa Dublin anapoona jua linakimbia kila siku mapema zaidi, majani yanapukutika na baridi inaingia, ana sababu ya kuhisi kwamba mwaka wenyewe unakufa. Mtu wa Kayanga au wa Nkwenda hana sababu hiyo. Kwake mwisho wa Oktoba ni wakati wa mvua za vuli. Maharage na mahindi yako ardhini, nyasi za vilimani zimechipua baada ya kiangazi, na migomba inazaa kama ilivyozaa Juni. Ukimwambia kwamba huu ni msimu wa kufa, atakuonyesha shamba.

Je, hii ina maana kwamba Mnyambo hakuwa na saa ya giza ya kuwafikiria wafu? La hasha. Giza lake halikuja mara moja kwa mwaka bali kila baada ya siku ishirini na tisa au thelathini, mwezi unapozama na kupotea kabisa. Kabla ya taa za mafuta na za umeme, usiku usio na mwezi katika vilima vile ulikuwa giza kweli kweli: njia hazipitiki, mifugo haionekani, na fisi wako karibu. Mwezi ulipoandama watu walifurahi, na furaha hiyo ilikuwa na sherehe yake ikulu.

Tuna shahidi wa macho. John Hanning Speke na mwenziwe Grant walifika Karagwe mnamo Novemba 1861, wakapokewa na Omukama Rumanyika katika makao yake ya Bweranyange. Msomaji wa jarida la Kiswahili atapenda kujua kwamba, kwa maelezo ya Speke, mfalme aliwasalimu kwa Kiswahili kizuri. Wafanyabiashara wa pwani walikwisha kufanya kituo chao huko Kafuro, na lugha yetu ilikuwa imetangulia kufika kabla ya Mzungu yeyote.

Speke anaieleza sherehe ya mwezi mwandamo. Rumanyika aliketi mbele ya ua akiwa na taji la shanga kichwani, manyoya mekundu yaliyosimama juu ya paji la uso, na chini yake ndevu kubwa nyeupe zilizofungwa katika mkanda wa shanga. Mbele yake zilipangwa ngoma zaidi ya thelathini, nazo zikapigwa kwa pamoja. Kisha wakuu wakaja mmoja mmoja, wakirukaruka na kupunga fimbo, wakiapa kwamba hawatamkimbia adui, na kwamba mfalme awakate vichwa iwapo watageuka. Speke aliambiwa kwamba kwa njia hiyo mfalme hujua ni wangapi wangali watiifu kwake.

Hebu tuyatafakari mambo haya. Kuna vazi lisilo la kila siku, kuna ndevu za bandia, kuna usiku, kuna kelele za makusudi za kulifukuza giza. Mtu anayetafuta mapambo ya Halowini atayaona yote. Lakini aliyevaa si mtoto, wala havai ili atishe. Aliyevaa ni mfalme, na ndevu nyeupe, kwa ufahamu wetu, zinamvika umri wa waliomtangulia. Katika masimulizi mengi ya Karagwe, Ruhinda, mwanzilishi wa ukoo wa Bahinda, ni wa uzao wa Wamara, naye Wamara ndiye mfalme wa wafu. Basi mwezi unaporudi kutoka gizani, mfalme huketi mbele ya watu kama mmoja wa wale waliokwisha kwenda, na watu huulizwa: je, mngali pamoja nasi? Hiyo ni tafsiri yetu, na mwenye tafsiri bora aitoe.

4.0 Mfalme asiye na hakika

Katika kitabu hicho hicho cha Speke, kilichochapishwa mwaka 1863, kuna habari fupi ambayo kwa maoni yetu ina thamani kuliko sherehe yote ya ngoma. Kila mwaka Rumanyika alichinja ng'ombe kwenye kaburi la baba yake, Ndagara. Speke alimwuliza kwa nini. Mfalme alicheka, akasema kwamba hajui. Ila alitumaini kwamba kwa kufanya hivyo huenda akajaliwa mavuno mema. Kwa sababu hiyo hiyo, alisema, huweka pombe na nafaka mbele ya jiwe kubwa lililoko mlimani, ingawa jiwe haliwezi kula wala kuvitumia vitu hivyo kwa namna yoyote. Aliongeza kwamba watu wa pwani nao wana imani kama yake.

Wasomi wengi wamelipita jambo hili haraka. Sisi tunaomba tulisimamie kidogo. Tumezoea kuambiwa kwamba mzee wa jadi aliamini kila kitu bila kuhoji, na kwamba shaka ililetwa na shule. Hapa tuna mfalme wa mwaka 1861, mbali na shule yoyote, anayejua fika kwamba jiwe halili. Hata hivyo anaweka nafaka. Hafanyi hivyo kwa ujinga. Anafanya kwa adabu. Mtoto huacha chakula cha baba mezani hata kama hajui baba atarudi saa ngapi.

Tabia hii ya tatu, isiyo ya hofu wala ya dhihaka, ndiyo inayopotea. Mwalimu wa mjukuu wetu anawafundisha watoto kwamba wafu ni mzaha. Baba yake anamfundisha kwamba wafu ni mashetani. Rumanyika angewashangaa wote wawili, kwa kuwa wote wana hakika mno.

Wala watu wa pwani hawakusingiziwa. Mpaka leo ziko sehemu za mwambao na visiwani ambako watu hupeleka ubani na chakula mapangoni na kwenye mibuyu, mahali panapoitwa mizimuni. Huko Makunduchi, Unguja, sherehe ya Mwaka Kogwa ingali ikifanywa kila Julai, na ndani yake kibanda huchomwa moto na watu hupigana kwa mzaha ili mwaka wa zamani uondoke na vinyongo vyake. Waislamu wa Makunduchi hawaoni kwamba kwa kufanya hivyo wameacha dini. Wamepata njia ya kuishi na vyote viwili, na sherehe yao haikuhitaji kuagizwa kutoka ng'ambo.

5.0 Suala la msamiati

Sasa turudi kwenye jibu la dada yangu. Mwanaisimu atakuwa amegundua kwamba alianza na "hauvai" akamalizia na "hakutisha". Katika sentensi ya kwanza mzimu ulifuata ngeli yake ya kisarufi, ngeli ya mti na mto. Katika ya pili, mara tu alipomtaja babu, alihamia ngeli ya watu. Runyambo nayo inafanya vivyo hivyo: omuzimu, wingi wake emizimu, haimo katika ngeli ya watu. Lugha zetu mbili, ambazo ni ndugu, zinakubaliana kwamba aliyekufa amekuwa kitu kingine, lakini zote mbili zinamruhusu msemaji kumrudisha miongoni mwa watu kwa kumtaja kwa jina la ukoo. Hapo ndipo ilipo tofauti kati ya mzimu na kitisho: mzimu una jamaa.

Mbali na emizimu ya kila nyumba, Wanyambo na jirani zao walikuwa na embandwa, yaani roho kuu za kale ambazo hazikuwa za ukoo mmoja. Tumekwisha kumtaja Wamara. Wapo pia Mugasha, mwenye maji na mvua. Irungu, mwenye pori na wanyama. Na Kazoba, mwenye jua. Hizi zilikuwa na watumishi wake, waliofundwa na kupokewa kwa siri. Mzimu wa babu haukuwa embandwa, na embandwa haikuwa mzimu wa babu. Juu ya wote alikuwapo Ruhanga, muumba.

Wahubiri na watafsiri walipoanza kuyaeleza mambo haya kwa Kiswahili, tofauti hizo zote zilimiminwa katika chungu kimoja. Emizimu, embandwa, uganga na uchawi vyote vikawa "mashetani" au "pepo". Hatusemi kwamba walifanya hivyo kwa nia mbaya. Walikuwa na Injili ya kuhubiri, na walihitaji neno la upande wa pili. Lakini matokeo yake ni kwamba kizazi kizima cha Wanyambo kilijifunza kumwita Wamara na marehemu babu kwa jina moja na Ibilisi. Na kizazi kinachofuata, kikitazama sinema, kinajifunza kuwaita wote hao vichekesho.

Kiswahili, kwa bahati njema, hakikuwa maskini. Kina neno mzimu, lenye kumaanisha roho ya mhenga na hata mahali pa kutambikia. Kina kuzimu, makazi ya wafu. Kina mzuka, kinachozuka ghafla njiani na kumshtua mtu. Kina pepo na jini, ambao hawakuwahi kuwa binadamu. Na kina marehemu, neno lenye rehema ndani yake. Mwenye kuyachanganya maneno haya hawezi kulalamika kwamba lugha imemwangusha.

6.0 Pingamizi

Kuna watakaosema kwamba tunaipamba jadi. Pingamizi hili ni la haki. Mamlaka ya Bahinda hayakuwa ya huruma kwa wote. Speke anasimulia namna alivyoelezwa mazishi ya kifalme: mwili wa Ndagara ulishonwa katika ngozi ya ng'ombe, ukawekwa katika mtumbwi ziwani kwa siku tatu, na funza waliotoka humo wakageuka mmoja simba, mmoja chui, na mmoja fimbo. Hayo ni masimulizi mazuri ya kutisha, na Halowini haijapata kutoa yanayoyazidi. Lakini msimuliaji huyo huyo anaendelea kwamba mwili ulipopelekwa mlimani, wasichana watano na ng'ombe hamsini walifungiwa katika nyumba iliyojengwa juu yake mpaka wakafa. Ikiwa jambo hilo lilitendeka, halina utetezi. Aidha, huduma ya embandwa ilikuwa na gharama, na hofu ya watu wanyonge ilikuwa mtaji wa baadhi ya watumishi wake. Hatudai kwamba mambo hayo yarudi. Tunachodai ni kwamba yajulikane, mazuri na mabaya, kwa majina yake.

Kuna watakaosema kwamba ni mchezo tu wa watoto, na kwamba mtoto akivaa kinyago kwa saa mbili hapotezi kitu. Kwa upande mmoja tunakubali. Watoto wa Karagwe walicheza gizani kabla ya Halowini, na walitishana kwa hadithi za mazimwi wala watu mpaka wakaogopa kwenda kulala. Kutishwa kwa raha ni sehemu ya malezi. Ila hadithi ya zimwi ilisimuliwa na bibi, kwa lugha ya nyumbani, na ilikuwa na mwisho. Karatasi ya shule haikuwa na msimuliaji. Tena, boga ni chakula. Mama anayepanda maboga kati ya migomba yake ili watoto wale, majani na tunda, hawezi kuombwa alichonge kwa ajili ya taa kisha alitupe, huku kibuyu, ndugu yake boga, kikiwa kimebeba maziwa na rubisi ya nchi ile tangu kale.

Kuna pia watakaosema, kama alivyosema baba wa mtoto, kwamba Mkristo hana haja na lolote kati ya haya. Kwa hawa tuna swali moja tu. Tarehe 2 Novemba Kanisa Katoliki, pamoja na Jimbo la Kayanga lililoundwa mwaka 2008, huwaombea marehemu wote. Waamini huenda makaburini, hupalilia, huwasha mishumaa. Siku hiyo na mkesha wa tarehe 31 ni watoto wa nyumba moja. Kwa nini basi tumpokee mtoto mmoja akiwa amevaa nguo za soko la ng'ambo, au tumfukuze pamoja na ndugu zake wote, bila kuuliza kila mmoja ni nani? Hata asiyekubali kuwaombea wafu anaweza kupalilia kaburi.

7.0 Mapendekezo na hitimisho

Tunapendekeza mambo matatu, yote yakiwa ndani ya uwezo wetu.

La kwanza ni la istilahi. Walimu, waandishi wa vitabu na vyombo vya habari wanapoieleza Halowini kwa Kiswahili, waiite mkesha wa mizuka, si sikukuu ya mizimu. Sanamu za kuvaa usoni na mifupa ya plastiki ni mizuka. Imekusudiwa kushtua, na hakuna anayeijua kwa jina la ukoo. Mzimu uachwe kwa wenyewe.

La pili ni la utafiti. Baada ya mamlaka ya watemi kufutwa nchini Tanganyika mwaka 1963, sherehe ya mwezi mwandamo haikuwa tena na mahali pake rasmi, na wazee walioisikia ngoma ile wakiwa na akili zao ni wachache sana leo. Msingi wa kazi upo. Israel Katoke aliandika historia ya ufalme wa Karagwe katika miaka ya 1970. Josephat Rugemalira ametoa msamiati wa Runyambo, Kiswahili na Kiingereza mwaka 2002, na sarufi ya Runyambo mwaka 2005. Kinachokosekana ni kalenda: nani alifanya nini mwezi ulipopotea, nani alitangaza kuonekana kwake, nini kilimwagwa, maneno gani yalisemwa, na nani hakuruhusiwa kuwapo. Mwanafunzi wa shahada ya kwanza anayetoka Kyerwa, mwenye daftari na bibi, anaweza kuifanya kazi hii katika likizo moja. Chemchemi za maji moto za Mtagata, ambazo Stanley alizikuta mwaka 1876 zikiwa na wagonjwa waliokuja kutafuta afya, ziko Kyerwa na watu wangali wakienda. Jina la Rumanyika limepewa hifadhi ya taifa tangu mwaka 2019. Itakuwa aibu ikiwa tutalinda pori lenye jina lake na kuyapoteza maneno aliyoyasema mbele ya jiwe.

La tatu ni la shule. Mwalimu anayetaka watoto wafurahi mwishoni mwa Oktoba asizuiwe. Ila karatasi anayoipeleka nyumbani isiombe kinyago. Imwombe mtoto alete hadithi moja ya giza kutoka kwa mtu mzima wa nyumbani kwake, kwa lugha yoyote, na aisimulie darasani kwa lugha ya darasa. Gharama yake ni sifuri, na mwalimu wa Kiingereza atapata mazoezi ya Kiingereza kuliko yanayopatikana nyuma ya kinyago.

Yafaa kumaliza na nyumba tuliyoanza nayo. Tarehe 31 mvua ilinyesha tangu mchana, na mtoto hakwenda kwenye sherehe. Alilia kidogo, kisha akasahau. Tarehe 2, baada ya misa, dada yangu alimpa jembe dogo, nao wakaenda nyuma ya nyumba, penye migomba, lilipo kaburi la mumewe. Walipalilia wote wawili. Mtoto aliuliza kama babu anawasikia. Dada yangu alisema kwamba hajui, akaendelea kupalilia. Alikuwa hajapata kusikia habari za Rumanyika na jiwe lake. Jibu hilo alilitoa nyumbani.